Kwa nini palahala dume husimama peke yake?

Katika misitu ya miombo ya Liwale na Kilwa, upande unaopakana na Pori la Akiba Selous, watu hukutana na palahala dume, mweusi, pembe zimepinda kuelekea nyuma, amesimama peke yake. Wengi hudhani amepotea au ametengwa na kundi. Mara nyingi si hivyo. Yuko kwake, analinda eneo.

Eneo ni la nini?

Majike na ndama hutembea kwa makundi wakifuata majani na maji. Dume aliyekomaa hushika sehemu yenye malisho mazuri na kuwasubiri. Wakiingia humo, yeye ndiye anayewapanda; wakitaka kutoka, hujaribu kuwazuia. Hunusa mkojo wa jike huku amekunja mdomo wa juu, apate kujua kama yuko tayari. Mimba huchukua takriban miezi minane hadi tisa, na huzaliwa ndama mmoja.

Analilindaje?

Hukwaruza ardhi kwa kwato, huacha kinyesi na huvunja vichaka kwa pembe. Akija dume mwingine, humwonyesha ubavu, shingo juu, aonekane mkubwa. Mara nyingi hilo linatosha. Lisipotosha, wote wawili hupiga magoti ya mbele na kusukumana kwa pembe, ambazo huweza kuzidi mita moja. Vifo ni vichache, kwa kuwa anayezidiwa hukimbia.

Na paa wadogo?

Suni, paa mdogo wa vichaka vya pwani, ana utaratibu wake. Dume kwa kawaida huishi na jike mmoja, na huweka mpaka kwa kupaka vijiti harufu itokayo kwenye tezi iliyo karibu na jicho.

Linatuhusu vipi?

Mnyama mwenye eneo mara nyingi hupita njia zilezile, ndiyo maana mtego wa waya humnasa kwa urahisi. Palahala dume akiuawa, eneo hubaki wazi na wengine huanza kuligombania. Kuwinda bila kibali ni kosa kwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009.

Ukimwona palahala, msikilizaji, usimsogelee wala usimwachie mbwa. Akizingirwa, husimama na kupigana, na pembe zake huua. Ukikuta mtego au mnyama aliyejeruhiwa, toa taarifa kwa ofisa wanyamapori wa wilaya au serikali ya kijiji.