Fahamu Namna ya Kulinda Usikivu Unapotumia Spika za Masikioni

Spika za masikioni, ambazo wengi huziita hedifoni au eafoni, zimekuwa kifaa cha kawaida vyuoni, ofisini na katika vyombo vya usafiri jijini Dodoma. Humwezesha mtu kusikiliza muziki bila kuwasumbua wengine. Hata hivyo, sauti kubwa inayosikilizwa kwa muda mrefu huweza kuharibu usikivu kabisa.

Madhara yanavyotokea

Sehemu ya ndani ya sikio ina seli zenye vinyweleo vidogo, ambazo hupokea mitetemo ya sauti na kuigeuza kuwa taarifa zinazopelekwa kwenye ubongo. Sauti kubwa huzichosha seli hizo na hatimaye huziua. Tofauti na seli za ngozi, zikifa hazioti tena. Kwa kuwa hupotea kidogo kidogo bila maumivu, mhusika huchelewa kutambua.

Kiwango na muda salama

Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani (WHO), mtu mzima anaweza kusikiliza sauti ya desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Kwa watoto, kiwango ni desibeli 75 kwa muda huohuo. Kila sauti inapoongezeka kwa desibeli 3, muda salama hupungua kwa nusu. Hivyo, kwa desibeli 90 muda huo ni saa 4 tu kwa wiki, na kwa desibeli 100 ni dakika 20.

Safari ya basi kutoka Dodoma hadi Dar es Salaam, takribani kilomita 450, huchukua saa sita au zaidi. Abiria anayepandisha muziki hadi desibeli 90 ili kuishinda ngurumo ya injini humaliza kiwango chake cha wiki nzima kabla ya kufika mwisho wa safari.

Hatua za kuchukua

- Sauti isizidi asilimia 60 ya uwezo wa simu.
- Pumzisha masikio mara kwa mara.
- Penye kelele, tumia spika zinazoziba sikio vizuri badala ya kuongeza sauti.
- Washa kidhibiti cha sauti kwenye simu, hasa ya mtoto.
- Usivae spika za masikioni unapoendesha bodaboda au kuvuka barabara.

Dalili za hatari

Mlio masikioni, kuwaomba watu warudie maneno, au kushindwa kufuata mazungumzo penye watu wengi ni dalili za kumwona mtaalamu wa masikio, pua na koo mapema. Shimesikio husaidia, na Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza mwaka 2017 kupandikiza vifaa vya kusaidia kusikia kwa wenye tatizo kubwa. Vifaa hivyo ni msaada tu. Havirejeshi usikivu wa asili. Kinga inabaki mikononi mwa msikilizaji mwenyewe.