Betri za Kuazima: Umeme wa Magari-Nyumba Tangu Asidi Hadi Lithiamu

Oktoba 1881, abiria wa treni kati ya London na Brighton waliona kioja. Treni ilipoingia kwenye handaki, taa za behewa lao la Pullman ziliendelea kuwaka bila mafuta wala gesi. Umeme ulitoka kwenye betri za risasi na asidi, za aina ambayo Mfaransa Camille Faure alikuwa ameiboresha kutokana na uvumbuzi wa mwenzake Gaston Planté wa mwaka 1859. Wakati huo Karl Benz alikuwa bado hajapata hataza ya gari lake, aliipata 1886.

Kwa hiyo betri ilimtangulia dereva barabarani. Hata hivyo, watu walioanza kujenga nyumba juu ya magurudumu hawakutengenezewa betri yao. Kwa sehemu kubwa ya historia yao waliishi kwa kuazima: betri ya kuwashia injini, betri ya vigari vya gofu, betri ya vifaa vya dharura, na hatimaye betri ya kekee na mabasi ya China. Lithiamu iliyoenea leo chini ya vitanda vya magari hayo ni azimo la karibuni tu.

Mwanzoni hawakuhitaji umeme hata kidogo. Mwaka 1885 daktari na mwandishi William Gordon Stables aliagiza kwa mafundi wa Bristol gari la kifahari la kukokotwa na farasi, akaliita The Wanderer na kusafiri nalo kutoka Uingereza hadi Uskochi. Usiku aliwasha taa ya mafuta. Wajerumani walipokuwa wakiuza magari ya kulala baada ya Vita vya Pili vya Dunia, nishati ya nyumbani ilikuwa gesi. Kampuni ya Truma, iliyoanzishwa na Philipp Kreis mwaka 1949, ilianza na taa za gesi kabla ya kuhamia kwenye vipasha joto vya karavani. Mwaka 1951 kiwanda cha Westfalia kilileta sanduku la samani lililoingia ndani ya basi dogo la Volkswagen, na familia ikapata kitanda, kabati na mahali pa kulia chakula. Siku ya kazi, sanduku lilitolewa na gari likarudi kubeba mizigo.

Hata friji iliendeshwa kwa moto. Wanafunzi wawili wa Stockholm, Baltzar von Platen na Carl Munters, walibuni mwaka 1922 friji isiyo na kompresa: mwali mdogo unachemsha mchanganyiko wa amonia na maji, na mzunguko wa mvuke ndio unaoleta baridi. Electrolux ikaununua uvumbuzi huo. Friji ya aina hiyo ilikaa ndani ya magari-nyumba kwa miongo mingi, na kwa sababu yake betri ilibaki na kazi ya taa, redio na pampu ya maji.

Kazi hiyo nyepesi ndiyo iliyowadanganya wengi wakachukua betri ya kawaida ya gari.

Betri ya gari ilipata umbo lake mwaka 1912, Cadillac ilipoanza kuuza magari yenye stata ya umeme iliyobuniwa na Charles Kettering. Kazi yake ni kutoa mkondo mkubwa kwa sekunde chache, kisha kujazwa upya injini inapozunguka. Ili ifanye hivyo, mabamba yake ya risasi ni membamba na mengi. Ukiitumia kuwasha taa usiku kucha hadi iishe, salfeti ya risasi hugandamana juu ya mabamba, na baada ya kuishiwa namna hiyo mara kadhaa haishiki chaji tena. Wakenya wa vijijini waliujua ugonjwa huo kwa gharama zao wenyewe. Katika miaka ya 1980, mhandisi Mmarekani Harold Burris alipokuwa akifunza mafundi wa sola huko Meru, familia nyingi zilikuwa zikiendeshea televisheni kwa betri ya gari, na kuipeleka mjini kuchajiwa ilipoisha. Nyumba ya Meru na gari-nyumba la Bavaria ziliua betri zao kwa njia ileile.

Wamarekani waliazima kutoka uwanja wa gofu. Kigari cha gofu huzunguka mchana kutwa bila kuchajiwa, kwa hiyo betri zake za volti 6 zina mabamba manene yanayovumilia kuishiwa. Wenye magari-nyumba walizinunua mbilimbili na kuziunganisha kupata volti 12. Wajerumani nao walikuwa na betri ya jeli, ambayo Otto Jache wa kampuni ya Sonnenschein aliitengeneza 1957 kwa kuigandisha asidi isimwagike. Kisha huko Denver, mwaka 1972, wahandisi wa kampuni ya Gates Rubber wakatoa betri iliyozibwa kabisa, ambayo asidi yake imenyonywa na utando wa nyuzi za kioo. Aina hiyo ndiyo AGM, nayo ilipendwa kwa sababu mtu anaweza kulala juu yake bila kuogopa mvuke wala kukagua maji ya betri.

Kasoro moja haikuondolewa na yeyote kati yao: uzito. Betri moja maarufu ya gofu, Trojan T-105, ina takriban kilo 28. Mbili hufika kilo 56 na kuhifadhi ampea-saa 225, lakini mwenye busara hutumia nusu tu ili zidumu. Barani Ulaya, ambako leseni ya kawaida ya udereva kwa miaka mingi iliishia kwenye gari la kilo 3,500, kila kilo ya risasi ilikuwa kilo ya maji au ya mtoto iliyoachwa nyumbani. Aliyetaka umeme mwingi aliwasha jenereta. Majirani kambini wakalala na kelele zake, au wakamlalamikia kwa askari wa hifadhi.

Lithiamu ilikuwa imeshaanza safari yake mbali na kambi hizo. Katika miaka ya 1970 Stanley Whittingham alitengeneza betri ya lithiamu katika maabara za Exxon. Mwaka 1980 John Goodenough, akiwa Oxford, alionyesha kwamba oksidi ya kobalti inaweza kuwa upande chanya wa betri yenye volti nyingi zaidi. Akira Yoshino wa Japani akaipatia upande hasi ulio salama, na mwaka 1991 Sony ikaanza kuiuza kwa ajili ya kamera za video. Watatu hao waligawana Tuzo ya Nobel mwaka 2019. Goodenough, mwenye miaka 97, akawa mshindi mzee kuliko wote waliopata kutunukiwa.

Lakini betri ya kobalti haikufaa kuwekwa chini ya kitanda. Ikipata joto kupita kiasi hutoa oksijeni na kujichochea moto yenyewe. Mwaka 2013 ndege zote za Boeing 787 zilizuiwa kuruka baada ya betri za namna hiyo kuungua. Jibu la magari-nyumba lilikuwa limeshachapishwa mwaka 1997, na Goodenough yuleyule, safari hii akiwa Texas pamoja na Akshaya Padhi: fosfati ya chuma na lithiamu, yaani LFP. Ndani yake oksijeni imefungwa imara kwenye fosfati, hivyo haiachiliwi kirahisi. Tena seli nne za volti 3.2 zikifuatana hutoa volti 12.8, karibu sawa kabisa na betri ya asidi iliyojaa. Taa, pampu na redio za zamani hazikuhisi tofauti.

Miongoni mwa walioitumia mapema walikuwa mafundi seremala. Kampuni ya A123, iliyozaliwa mwaka 2001 kutokana na utafiti wa chuo cha MIT, iliuza seli zake kwa DeWalt kwa ajili ya kekee za volti 36. Wachina wakazitengeneza kubwa zaidi kwa mabasi. Makubaliano na wenye hataza yaliwaruhusu kuzitumia bila ada mradi soko liwe la nyumbani, na viwanda vikakua haraka. Seli hizo kubwa za manjano au za buluu ndizo zilizowafikia wamiliki wa mashua na magari-nyumba kuelekea mwaka 2010, zikiwa uchi, bila kasha la betri wala kidhibiti. Watu walizifunga kwa mbao na kuziunganisha kwa vipande vya shaba mezani kwao.

Walijifunza kwa makosa. La kwanza lilikuwa altaneta, kifaa cha injini kinachochaji betri. Betri ya asidi hukataa mkondo mwingi kadiri inavyojaa, lakini ya lithiamu hupokea kila inachopewa. Injini inapozunguka taratibu kambini, feni ya altaneta haivuti hewa ya kutosha, nyaya zake hupata moto, na harufu ya vanishi iliyoungua huenea chini ya boneti. Dawa yake ilikuwa chaja ya kati inayopima mkondo. La pili lilikuwa baridi: betri hizi zikichajiwa chini ya nyuzi 0, lithiamu hujipaka juu ya grafiti kama metali badala ya kuingia ndani, na uharibifu huo haurekebishiki. Ndiyo maana betri nyingi za sasa zina saketi ya kidhibiti inayozuia chaji ya baridi, na baadhi zina kipasha joto chake.

Hesabu ya uzito iligeuka. Betri ya LFP ya ampea-saa 100 ina takriban kilo 14, na karibu zote hutumika, kwa maelfu ya mizunguko ambako asidi ilihesabiwa kwa mamia. Kampuni kama Battle Born ya Nevada ziliifungia ndani ya kasha la ukubwa wa betri ya kawaida, na fundi akahitaji spana tu. Baadaye friji ya mwali ikapisha ya kompresa. Inveta, inayogeuza umeme wa betri kuwa kama wa nyumbani, ikaleta jiko la umeme na birika, na kwenye magari mengi madogo mtungi wa gesi ukatoweka kabisa. Jenereta zikaanza kunyamaza.

Kwa wasomaji wa Lualaba, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, habari hii ina upande wa pili. Kobalti ya Kolwezi, iliyojenga betri za simu, haimo kabisa ndani ya LFP. Lakini lithiamu imo, na katika mkoa wa Tanganyika mji wa Manono, uliojulikana kwa bati tangu ukoloni, umekalia mojawapo ya hazina kubwa za lithiamu duniani, inayogombewa na kampuni kadhaa.

Mwaka 2022 hataza kuu za LFP ziliisha muda. Mwaka uliofuata Winnebago, kampuni ya Iowa iliyoanza kutengeneza magari-nyumba yake mwaka 1966, ilinunua kampuni ya betri za lithiamu ya Lithionics. Mtengenezaji wa nyumba za magurudumu akawa na betri yake mwenyewe. Seli za LFP zenyewe, kwa sehemu kubwa duniani, bado hutoka China.