Mbwa anaburuta miguu ya nyuma? Usikimbilie kusema karogwa

Siku hizi hapa Mkumbara, na Mombo pia, kila mtu anataka German Shepherd au Rottweiler wa kulinda nyumba. Sawa, mbwa koko hatishi mwizi. Ila nimeshaona zaidi ya mmoja akifika miezi minane au mwaka anaanza kuyumba kiuno, kuinuka asubuhi ni kazi, akikimbia anarusha miguu miwili ya nyuma kwa pamoja kama sungura. Hapo maneno yanaanza: jirani kampiga, mara karogwa, mwisho mbwa wa watu anauawa. Kumbe mara nyingi tatizo ni nyonga.

Iko hivi. Mfupa wa paja kwa juu una kichwa cha mviringo kama mpira, kinakaa ndani ya kikombe cha mfupa wa nyonga. Mtoto wa mbwa huzaliwa nyonga zikionekana nzima. Mwenye ugonjwa huu, kiungo kinalegea wakati anakua, kichwa kinacheza-cheza, kikombe kinakosa kina, gegedu inasagika, halafu ni baridi yabisi ya maisha. Sio jambo jipya, Mmarekani Gerry Schnelle aliueleza tangu 1935.

Chanzo cha kwanza ni damu. Unarithiwa, tena kwa jeni nyingi, ndio maana hata wazazi wanaotembea vizuri wanaweza kuzaa mgonjwa. Wenzetu Marekani wana taasisi ya OFA tangu 1966, inakagua picha za eksirei na cheti chake cha kudumu kinatoka mbwa akifika miezi 24. Kwetu muuzaji mwenye picha kama hizo utamtafuta sana. Basi angalau kabla hujatoa hela omba kuwaona baba na mama wakikimbia na kuinuka. Na kama dume lako linachechemea, usilizalishe, hata wakikubembeleza.

Chanzo kingine ni sahani, na hapa ndipo tunapoharibu. Mtoto wa mbwa mkubwa anashindiliwa ugali mpaka anakuwa pipa, sisi tunasifia! Watafiti wa Marekani walichukua Labrador 48, nusu wakapewa chakula pungufu kwa asilimia 25. Hao waliopunjwa wakawa na nyonga nzuri zaidi, na matokeo ya 2002 yakaonyesha waliishi karibu miaka 2 zaidi ya wenzao. Kwa hiyo pitisha mkono ubavuni, mbavu uzihisi bila kukandamiza. Poda ya kalsiamu achana nayo, kwa watoto wa mbwa wakubwa inaharibu mifupa. Utafiti wa Norway nao ulikuta kupanda ngazi kabla ya miezi mitatu kunaongeza hatari, na kucheza huru nje kwenye ardhi laini kunapunguza. Huku nyasi tunazo bure, mfungue mnyororo acheze.

Angalizo kubwa: nyonga huharibika polepole, miezi. Miguu ikiisha nguvu ghafla ndani ya siku chache, udenda unatoka, sauti imebadilika, usimguse kabisa. Huenda ni kichaa cha mbwa. Mwite afisa mifugo, na aliyeng'atwa aoshe kidonda kwa maji mengi na sabuni, kisha aende hospitali siku hiyohiyo.

Aliyekwisha kuugua nyonga bado ana maisha. Mpunguze uzito, mtembeze kidogo kidogo kila siku, alale pakavu, sio kwenye sakafu ya saruji. Upasuaji upo duniani ila gharama yake, mmh. Dawa za maumivu za mbwa aandike daktari wa mifugo. Ile diklofenaki au ibuprofeni yako ya mgongo usimpe hata nusu kidonge: inaweza kumchimba vidonda tumboni, kumharibu figo na kumuua.