Kuskusi na Mvuke Wake: Tumwache Massinissa Apumzike

Desemba 2020, UNESCO iliingiza kuskusi, punje za semolina zinazoivishwa kwa mvuke, katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika, kwa ombi la pamoja la Algeria, Mauritania, Morocco na Tunisia. Kwa majirani waliokuwa wamevutana juu ya nani mwenye chakula hiki, kutia saini ombi moja ni jambo la kupongezwa. Tatizo ni maneno yaliyofuatana na shangwe hizo. Magazeti na vitabu vya mapishi vimeshika kauli kwamba kuskusi inapikwa tangu enzi za Massinissa, mfalme wa Numidia ya Afrika Kaskazini aliyefariki mwaka 148 kabla ya Kristo. Kauli hiyo inarudiwa kwa uhakika ambao ushahidi wake hauwezi kuubeba.

Kinachotegemewa ni vyungu. Mwanahistoria Lucie Bolens aliandika kuhusu vyungu vya makaburi ya zama hizo, ambavyo umbo lake linafanana na la vyungu vya kuskusi, vyenye matundu chini. Sawa, vinafanana. Lakini chungu chenye matundu chini kinaweza kuchuja maziwa yaliyoganda au kuoshea nafaka. Peke yake hakituambii kilipikiwa nini. Warumi walikula ngano ya Afrika Kaskazini kwa karne nyingi na wakaiandika sana, wala hawakutuachia maelezo ya punje zilizofinyangwa kwa mkono na kuivishwa kwa mvuke. Wanaomshikilia Massinissa wanatafuta heshima ya ukale. Waamazighi, wenyeji wa Afrika Kaskazini ambao ndio wenye chakula hiki, hawaihitaji heshima ya kuazima.

Charles Perry, mtafiti wa vitabu vya kale vya mapishi ya Kiarabu, ana hoja yenye mashiko zaidi. Yeye anakiweka chanzo cha kuskusi miongoni mwa Waamazighi wa kaskazini mwa Algeria na Morocco, kati ya karne ya 11 na ya 13. Nakubaliana naye, kwa kuwa ni katika karne ya 13 ndipo vitabu vinapoanza kuitaja, na vikishaanza vinaitaja kwa wingi.

Kimojawapo ni kitabu cha mapishi ya Maghrib na Andalusia cha enzi za utawala wa Almohad, ambacho mwandishi wake hajulikani. Mna humo pishi la Marrakesh liitwalo fityani. Nyama na mboga zinaiva kwanza, kisha zinaepuliwa. Mchuzi unachujwa na kurudishwa motoni, ndipo kuskusi iliyokwisha kuiva na kusuguliwa mafuta inatiwa humo, moto umepunguzwa, mpaka inywe mchuzi kiasi chake. Inapakuliwa kwenye sinia na kusawazishwa, nyama na mboga zinapangwa juu, na mdalasini unanyunyizwa. Lakini kabla ya kulieleza pishi hilo, mwandishi anaipita mbio kuskusi ya kawaida, akisema tu kwamba hiyo inajulikana duniani kote. Haielezi hata kidogo.

Kwangu mimi, sentensi hiyo fupi ina uzito kuliko chungu chochote cha kaburini, na nasikitika kuona inavyorukwa. Mwandishi wa mapishi haachi kueleza chakula ila kikiwa kimekwisha zoeleka majumbani kwa muda mrefu. Tena inatuonyesha ni nani hakuulizwa: pishi la karamu liliandikwa hatua kwa hatua, na kazi ya wanawake waliofinyanga punje siku zote ikaachwa, kwa kuwa kila mtu alikuwa akiiona.

Bahati njema, wa zama hizo yupo mmoja aliyeieleza. Ibn Razin al-Tujibi, mzaliwa wa Murcia, aliihama Andalusia akamalizia maisha yake Tunis mwaka 1293. Kwake tunaiona kazi yenyewe: semolina inanyunyiziwa maji ya chumvi na kusuguliwa kwa ncha za vidole hadi punje ziwe kama vichwa vya sisimizi, inachekechwa ili unga uliobaki uanguke, kisha inatiwa katika chungu chenye matundu kilichopachikwa juu ya chungu cha nyama. Pale vyungu viwili vinapokutana panazibwa kwa unga uliokandwa, ili mvuke wote upande juu. Zaidi ya miaka mia saba imepita, na bado Morocco kuna wapishi wanaozungushia hapo kitambaa kilicholowekwa kwenye maji ya unga.

Shahidi mwingine tunamjua sisi wa pwani. Msafiri Ibn Battuta wa Tanja alifika Mogadishu, Mombasa na Kilwa mwaka 1331, na ndiye aliyetuachia habari za wali wa samli na michuzi ya Mogadishu. Mwaka 1352 alivuka Sahara kwenda Mali. Njiani aliona nafaka ndogo ya fonio, akaandika kwamba watu wa huko huipikia kuskusi na uji mzito. Huyu alikuwa mtu wa Morocco, aliijua kuskusi ya kwao, na aliitambua aliyoikuta ng'ambo ya jangwa. Ndiyo maana wapo wanaosema ufundi wa kuivisha punje kwa mvuke ulipanda kutoka kusini, kwenye uwele na mtama, ukakutana na ngano kaskazini. Hoja hii haijathibitika. Hata hivyo inastahili subira kubwa kuliko ile ya Massinissa, maana inaanzia kwenye chakula alichokiona msafiri, na hadi leo Wasenegali wanafinyanga kuskusi ya uwele na kuipika kwa mvuke.

Karne zilizofuata nazipitia kwa haraka. Katika Hispania ya karne ya 16, kula kuskusi kuliweza kuhesabiwa na Inkwizisheni, mahakama ya Kanisa, kuwa dalili ya Uislamu wa siri. Katika karne ya 20, viwanda vikaipika punje kwa mvuke, vikaikausha na kuitia katika pakiti inayotaka maji ya moto na dakika tano. Hiyo ndiyo inayouzwa madukani Nairobi na Dar es Salaam.

Shida ya pakiti ni kwamba maji ya moto yanaifikia punje kwa ghafla, nje inalegea na kunata kabla ya ndani kulainika. Mvuke unaingia polepole. Mpishi wa Maghrib huivisha kuskusi mara tatu. Mvuke ukishaanza kutokeza juu ya punje, huiacha kama robo saa, huimwaga kwenye sinia pana, huvunja madonge kwa vidole, hunyunyiza maji ya chumvi na mafuta kidogo, huiacha ivute pumzi, kisha huirudisha. Chini yake mchuzi wa nyama, dengu, boga na karoti unaendelea kuiva, na harufu yake inapanda na mvuke. Mara ya mwisho hutiwa samli. Hata ya pakiti hubadilika kabisa ukiilowesha kidogo na kuipitisha kwenye mvuke mara mbili. Chujio la bati lililokaa sawasawa juu ya sufuria, na ukanda wa unga uliokandwa pale vinapokutana, vinatosha.

Jina rasmi la kile kilichoandikwa UNESCO linataja maarifa, ujuzi na desturi za kutengeneza na kula kuskusi. Halina mfalme wala mwaka. Waandishi wa vitabu vya mapishi nao wamwondoe Massinissa katika kurasa zao za mwanzo, na nafasi hiyo waitumie kuandika, kwa majina na kwa maneno yao wenyewe, wanawake wanaoijua kazi hii ya kufinyanga na kuvukiza, wangali hai.