Vifungu Viwili Vilivyotufunza Kunyamaza

Kutoka Makina hadi Kawangware 46, ukitaja kijana anayependa mtu wa jinsia yake, jibu huwa ni moja: "Hizo ni vitu za wazungu." Sawa. Basi leo tuangalie kitu ambacho wazungu walileta kweli, na tarehe yake iko.

Agosti 1, 1930, serikali ya kikoloni ilianza kutumia Kanuni ya Adhabu hapa Kenya. Ndani yake kuna vifungu viwili ambavyo watu huviongelea kando kando, lakini mimi naona ni ndugu. Kifungu 162 kinaadhibu ngono "kinyume cha maumbile", jela hadi miaka 14. Kifungu 226 kilisema ukijaribu kujiua ukapona, umefanya kosa. Yaani unatoka wodi, unaingia kortini.

Sasa viweke pamoja kwa maisha ya kijana wa miaka 16 pale Gatwekera. Nyumba ni chumba kimoja, ukuta ni mabati, jirani anasikia hata ukikohoa. Akisema anachohisi, anaogopa 162. Akinyamaza mpaka mawazo yamlemee, aanze kufikiria kufa, kulikuwa na 226. Kusema ukweli, 162 inakataza tendo, haikatazi hisia. Lakini nani mtaani amekaa chini akasoma hiyo tofauti? Mwenye ploti hajasoma. Wasee wa base hawajasoma.

Na wenye sheria je? Uingereza ilifuta kosa la kujaribu kujiua mwaka wa 1961. Mwaka wa 1967, England na Wales zikaacha kuwashtaki wanaume wa miaka 21 kwenda juu kwa wanayokubaliana faraghani. Katikati hapo, 1963, sisi tukapata uhuru. Tulishusha bendera yao, vifungu tukabaki navyo.

Mei 17, 1990, Shirika la Afya Duniani liliondoa kupenda jinsia moja kwenye orodha ya magonjwa. Kwa hivyo huyu kijana si mgonjwa wa kuombewa atolewe pepo. Kinachomvunja ni kufukuzwa nyumbani, kuchekwa shule, na kuishi kila siku akijichunga asijulikane.

Januari 2014, mwandishi Binyavanga Wainaina alitangaza wazi kwamba yeye ni shoga, kwa barua aliyomwandikia mamake ambaye alikuwa ameshafariki. Alisema alijijua tangu akiwa na miaka 5. Alitangaza akifikisha 43. Hebu piga hiyo hesabu. Huyu ni mtu aliyeshinda Tuzo ya Caine mwaka wa 2002, anajulikana dunia nzima, na bado mamake aliaga kabla hajaambiwa. Sasa wewe unataka dogo wa Kawangware, asiye hata na mlango wake wa kufunga, ajieleze tu?

Binyavanga alifariki Mei 21, 2019. Siku tatu baadaye, Mei 24, majaji watatu wa Mahakama Kuu walikataa kufuta 162. Lakini Januari 9, 2025, Jaji Lawrence Mugambi wa mahakama hiyo hiyo aliamua kwamba 226 inakiuka Katiba.

Maana yake ni kwamba sasa kijana anaweza kuambia daktari "nimechoka kuishi" bila kuogopa pingu. Akiulizwa ni nini kimemchosha, hapo ndipo anameza mate tena. Mlango mmoja umefunguliwa, wa pili bado umefungwa, na msaada wa kweli uko nyuma ya hiyo milango yote miwili.

Korti ina ratiba yake. Lakini kumwambia mtu "hata hivyo, nakusikiliza" hakungojei jaji. Rafiki akikuambia siri yake, usirekodi, usipeleke kwa grupu ya WhatsApp, usimwambie ni mambo ya kupita. Akisema anataka kufa, usimwache peke yake. Pigeni pamoja 1199 ya Msalaba Mwekundu, ni bure, hata kama simu haina kredo.