Siku ilipokuwa na saa kumi

Usiku wa kuamkia Januari 1, 2017, wengi wakiwa bado kwenye shamrashamra za mwaka mpya, dakika ya mwisho kabla ya saa tisa usiku ilikuwa na sekunde 61. Ilikuwa hivyo Nairobi, Dar es Salaam na Kampala. Saa za dunia zilikuwa zimeongezewa sekunde moja ili saa za atomiki zisiachane na mzunguko wa dunia, ambao mwendo wake haulingani siku zote. Hiyo ilikuwa nyongeza ya 27 tangu 1972. Novemba 2022, Mkutano Mkuu wa Mizani na Vipimo uliokutana Versailles, Ufaransa, uliamua kuwa utaratibu huo ubadilishwe kabla ya 2035 kupita, kwa kuwa dakika yenye sekunde 61 inaisumbua mitambo ya kompyuta.

Uamuzi huo unafungua upya kisa ambacho shule zetu hazikisimulii. Mtoto anakaririshwa kwamba siku ina saa 24, saa ina dakika 60, dakika ina sekunde 60. Ukitoka kwenye kipimo kikubwa kwenda kidogo, zidisha, ukirudi, gawanya. Anapata sekunde 86,400 kwa siku, anapewa alama yake, somo linaishia hapo. Haambiwi kwamba kuna taifa lililowahi kuzifuta namba hizo kwa sheria.

Asili ya namba hizo ni ya kale. Wamisri waliugawa mchana sehemu 12 na usiku 12. Watu wa Babeli walihesabu kwa sitini, namba inayogawanyika kwa 2, 3, 4, 5, 6, 10, 12, 15, 20 na 30 bila kubakiza kitu. Wanajimu wa Kiislamu waliirithi hesabu hiyo, na neno letu dakika limetoka kwenye neno la Kiarabu lenye maana ya kitu kidogo, chembamba. Sekunde nayo asili yake ni Kilatini, na maana yake ni "ya pili": saa ikigawanywa kwa 60 mara ya kwanza unapata dakika, ikigawanywa mara ya pili unapata sekunde.

Kisha yakaja Mapinduzi ya Ufaransa.

Viongozi wa Mapinduzi walitaka kila kipimo kihesabiwe kwa kumi, kiwe cha akili na si cha mazoea ya wafalme na kanisa. Kamati ya kalenda iliongozwa na Gilbert Romme, mbunge aliyekuwa mwalimu wa hisabati. Kwa amri ya Novemba 24, 1793, siku iligawanywa kuwa saa kumi kuanzia usiku wa manane hadi usiku wa manane mwingine. Kila saa ilikuwa na dakika 100, na kila dakika sekunde 100. Siku nzima ikawa na sekunde 100,000. Wiki ilikuwa siku kumi, na mwezi siku 30.

Kwenye karatasi, hesabu ilikuwa nyepesi ajabu. Saa tatu, dakika 25 na sekunde 40 ziliandikwa 32,540, basi; hapakuwa na haja ya kuzidisha chochote. Tabu ilikuwa kuvuka kutoka hesabu ya zamani kwenda mpya. Saa moja ya Romme ilikuwa sawa na saa mbili na dakika 24 za kawaida, na dakika yake ilikuwa sekunde 86.4. Saa sita mchana ikawa saa tano kamili. Aliyezoea kufungua duka saa nne asubuhi ilimpasa kusema saa nne, dakika 16 na sekunde 67. Mafundi saa walitengeneza saa zenye duara mbili za namba kwenye uso mmoja, ya zamani na ya mpya, ili mtu asome zote mbili kwa pamoja. Baadhi ya saa hizo zimehifadhiwa hadi leo.

Matumizi katika nyaraka za serikali yalikuwa ya lazima kuanzia Septemba 22, 1794. Hayakufika miezi saba. Machi 1795 mbunge Claude-Antoine Prieur, mtetezi mkubwa wa vipimo vipya, alisimama bungeni akasema saa za kumi hazimfaidi karibu mtu yeyote, na zinavitia doa vipimo vingine. Wenye saa mifukoni na minarani hawakuwa tayari kuzitupa, na wafanyakazi walikuwa wamechoka kungoja mapumziko hadi siku ya kumi.

Sheria ya Aprili 7, 1795 ilizisimamisha saa hizo bila kutaja mwisho. Ndiyo sheria hiyohiyo iliyoipa dunia mita, lita na gramu. Kilichopimwa sokoni kilibaki kwenye kumi. Wakati ukarudi kwenye sitini. Wiki kumi baadaye, Romme alihukumiwa kifo kwa kuunga mkono uasi wa Mei, akajichoma kisu kabla ya kufikishwa kwenye gilotini.

Kalenda yake iliendelea hadi Napoleon alipoifuta kuanzia Januari 1, 1806. Mwanajimu Laplace aliendelea kuigawa siku kwa kumi katika vitabu vyake. Mwaka 1998 kampuni ya Swatch ilitangaza wakati wa intaneti wenye vipande 1,000 kwa siku, kila kimoja sekunde 86.4, yaani dakika ileile ya Romme.

Historia hii inastahili kuingia kwenye vitabu vya hisabati vya Afrika Mashariki, kwa sababu inampa mtoto sababu ya kuzidisha kwa 60. Mwalimu anaweza kuanza na kengele ya chakula cha mchana, saa sita na nusu. Wanafunzi waigawe siku upya, kalamu mkononi, na kwenye madaftari yao itaandikwa: saa tano, dakika 20 na sekunde 83.