Domesday Book

Domesday Book ni daftari la ardhi la Uingereza lililoandaliwa mwaka 1086 kwa amri ya mfalme William wa Kwanza, miaka 20 baada ya kuiteka nchi hiyo. Amri ilitolewa Gloucester wakati wa Krismasi ya 1085, huku uvamizi kutoka Denmark ukihofiwa. Limeandikwa kwa Kilatini cha mkato juu ya ngozi za kondoo, na huhifadhiwa katika Nyaraka za Taifa huko Kew, London. Juzuu dogo, la Essex, Norfolk na Suffolk, ndilo lenye maelezo mengi zaidi. Juzuu kubwa, karibu lote likiwa mwandiko wa karani mmoja, limefupisha kaunti nyingine. Miji ya London na Winchester haimo, wala kaunti za Durham na Northumberland.

Maofisa waliwaapisha watu wa kila eneo, kisha wakauliza: shamba lilikuwa la nani siku aliyokufa mfalme Edward, Januari 1066? Sasa ni la nani? Lina plau ngapi, vinu vingapi, na thamani yake ni kiasi gani? Swali la kwanza limebeba siasa nzito. Harold, aliyetawala baada ya Edward hadi alipouawa vitani Hastings, karibu kila mahali hutajwa kwa cheo chake cha awali, kana kwamba hakuwahi kuvaa taji. Kwa hiyo daftari lilikwisha kuamua nani mfalme halali kabla halijahesabu ng'ombe hata mmoja.

Kosa la kawaida la wasomaji ni kulichukulia kama sensa. Watu waliohesabiwa ni takriban 270,000, wengi wao wakuu wa kaya. Wake, watoto na watawa wengi hawaonekani. Wanahistoria huzidisha hesabu hiyo kwa 4 au 5, lakini hapo ndipo ubishi unapoanza, kwani huenda watumwa walihesabiwa mmoja mmoja na si kwa kaya. Uamuzi huo mdogo unatosha kuongeza au kupunguza watu wengi katika makadirio.

Yorkshire ina utata wa aina nyingine. Mashamba mengi huko yameandikwa kuwa ni ukiwa, na wengi wameona humo makovu ya majira ya baridi ya 1069 hadi 1070, jeshi la William lilipoteketeza kaskazini. Maelezo hayo yana nguvu, ila hayafai kila shamba: mahali pengine huenda karani alimaanisha tu kwamba hakuna mapato, au kwamba hakupata taarifa.

Katika kanisa kuu la Exeter imesalia rasimu ya kaunti za kusini-magharibi. Mbuzi, kondoo na nguruwe wa mashamba wamo humo. Katika juzuu kubwa wameachwa. Anayetafiti ufugaji wa Devon aanzie Exeter, si Kew.